Sikio la Dirishani

Kama uliwahi kupanda gari la watalii kutoka Karatu kwenda Ngorongoro, ukamwona dereva ana waya mweusi kwenye sikio la kulia peke yake, la kushoto liko wazi, basi huenda ulipanda na yeye. Namwita Dereva kwa sababu ndivyo nilivyomwita miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, naye aliniita Mpishi. Hatukuwa watu wa kuitana majina. Yeye aliendesha, mimi nilipika, na katikati yetu kulikuwa na mtungi wa gesi, masanduku ya vyombo, na wageni waliotaka kumwona faru kabla ya chakula cha mchana.

Nimeacha kazi sasa. Magoti yameisha, mgongo nao una habari zake, na kilichobaki ni kukaanga chapati kwenye kibanda changu kando ya barabara kuu, nikiyatazama magari ya wageni yakipita bila mimi. Mtu aliyechoka hakumbuki mambo makubwa. Simba niliowaona simkumbuki hata mmoja, na kusema kweli walianza kunichosha zamani. Ninayemkumbuka ni Dereva na nyaya zake.

"Sikio la kushoto ni la kazi," alikuwa akisema. "La kulia ni langu."

Tena alikuwa na sababu. Dereva hapa kwetu anakaa kulia. Sikio lake la kushoto linaelekea ndani ya gari, kwa wageni, kwa redio ya kuitana na madereva wenzake, na kwa mpishi kama kakaa kiti cha mbele. Sikio la kulia linaelekea dirishani, ambako mgeni haoni kitu. Bosi alikuwa amekataza kabisa habari za muziki kazini, kwa hiyo Dereva alisikiliza upande ambao bosi hakuwa na mashahidi. Waya ulipita ndani ya shati, ukachungulia kwenye kola, ukaingia sikioni kama mjusi anayerudi ukutani.

Hakubadilisha hata siku moja. Tulilala hema moja kambini, yeye amejifunika blanketi mpaka kidevuni kwa baridi ya ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, na bado alivaa la kulia tu. Nilimwuliza kwa nini asijaze masikio yote mawili wakati hana mgeni wala usukani. Aliniangalia kama nimemwambia avue suruali.

"Na ukinihitaji?" akasema.

Mashine zake zilikuwa nyingi. Ya kwanza ilikuwa wokmani ya kaseti, nzito, ya kijivu, ambayo mgeni mmoja alimwachia siku ya kuagana badala ya kumpa bahasha ya bakshishi kama wenzake. Madereva wengine walimpa pole. Yeye alishika ile mashine mikono miwili, kisha akaiweka mapajani kutoka uwanja wa ndege mpaka Mto wa Mbu. Baadaye alipata ya CD, akaiita mashine ya watu wa lami, kwa maana kwenye barabara ya kwenda Wasso na Loliondo ilikuwa inaruka kila shimo, mwimbaji anaanza neno leo analimalizia kesho. Zikaja zile ndogo za MP3, za ukubwa wa kiberiti cha gesi, zinabeba nyimbo za maisha ya mtu mzima. Aliziheshimu lakini hakuzipenda.

"Haina kinachozunguka," aliniambia, akiigeuza kiganjani. "Nitajuaje kama inafanya kazi?"

Kaseti alikuwa anaijua kwa kidole. Aliweka kidole cha shahada juu ya kile kidirisha cha wokmani, akasikia gurudumu linavyozunguka ndani, na uso wake ukalegea. Ukimwona hivyo ujue hata tembo akipita atasubiri.

Simu hakuitaka kabisa kwa muziki. Alikuwa nayo, ya kupokelea maagizo ya ofisi, lakini aliisema vibaya kuliko alivyomsema bosi. Kwamba wimbo uko katikati, gitaa linaanza kupanda, halafu mtu anakukata kukuuliza uko wapi. "Mtu akiniuliza niko wapi wakati nasikiliza, nimjibu nini?" alikuwa akisema. Na vijana wa bodaboda wa Karatu wenye spika kubwa nyuma ya pikipiki aliwakwepa kwa kuvuka barabara. Muziki wa kusikilizwa na mji mzima, kwake, ulikuwa haujasikilizwa na mtu.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa kimya. Alikuwa Mwiraqw wa Kansay anayesema kuliko Wachaga watatu, na mimi Mchaga wa Rombo ndiye ninayesema hivyo. Angeweza kukuhubiria kuhusu sponji ya hedifoni kuanzia geti la hifadhi mpaka kambini. Mashine ni mashine, alisema, kinachomharibia mtu ni vikorokoro vyake. Waya haufungwi kuzunguka mashine, unakatika kiunoni. Unakunjwa kama namba nane, unalazwa. Tundu la kuchomekea linasafishwa kwa brashi ya kamera, na brashi hiyo aliiokota kwenye gari baada ya wageni kushuka, akaifungia kwenye mfuko wa plastiki kama dawa. Sponji zikiisha alikata nyingine kutoka kwenye godoro langu la safari. Nililala kwenye godoro lenye matundu msimu mzima.

Hapo niseme habari ya supu. Mvua ilitunyeshea njiani tukitoka Loliondo, mashine yake ikalowa. Dereva alikuwa na imani kwamba mchele hunyonya maji, kwa hiyo bila kuniuliza akaifukia mashine pamoja na hedifoni zake ndani ya ndoo yangu ya mchele. Akaja akazitoa, akaridhika, akaenda zake. Siku ya pili nikawapikia wageni supu ya kuku, nikatupia mchele kidogo kuipa uzito. Mama mmoja mzee, mgeni, akainua kijiko, akakitazama, akatafuna, akanisifu kwa uyoga. Ulikuwa mmoja tu katika bakuli zote, mweusi, laini. Nilimwambia ni uyoga wa msituni, adimu sana. Nikatoka nje ya hema la chakula, nikamkuta Dereva amekaa juu ya tairi, anatafuta sponji yake mfukoni.

"Usitafute," nilimwambia. "Imeliwa."

Alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Halafu akauliza kama yule mama ameila yote.

Mfuko wa kubebea wokmani alishonewa Loliondo na mama mmoja wa Kimaasai, wa ngozi, una shanga nyekundu na bluu. Alimweleza kwa mikono na kwa Kimaa cha kuokoteza. Mama yule akaelewa kuwa ni wa ugoro, akauwekea kifuniko kidogo sana na tundu chini la kumwagia. Dereva akauchukua hivyohivyo, akapitisha waya kwenye tundu la ugoro, akauvaa shingoni miaka yote. Nadhani aliupenda zaidi kwa sababu ya kosa lile.

Betri ndizo zilikuwa mateso yake. Zamani zile, dukani Wasso unaweza kukuta sukari, misumari na sabuni, betri hakuna. Alizianika juani juu ya dashibodi zimepangwa mstari, wageni wakidhani ni desturi ya kabila. Akaziuma kidogo kwa jino. Zikipata joto zilimpa nyimbo mbili, tatu, halafu zinaanza kufa, na betri zikianza kufa kaseti inaburuza. Sauti inakuwa nzito, waimbaji kama wamelishwa ugali wa moto, gitaa linatembea na fimbo. Hicho ndicho kitu alichokichukia kuliko vyote duniani. Wimbo ukianza kuburuza alizima papo hapo, hata kama umebaki mstari mmoja, hata kama ndio autakao.

"Bora nisisikie kabisa," alisema. "Kusikia vibaya ni kumsingizia mtu."

Sasa lile kopo. Kwa kuwa alivaa upande wa kulia tu, kila hedifoni aliyopata, na wageni walimwachia nyingi, ilikufa upande wa kulia ikabaki nzima upande wa kushoto. Hakuzitupa. Aliziweka kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kiti, zimekunjwa vizuri namba nane, kila moja ina jicho moja bovu na jingine halijaguswa. Nilimwambia, bwana wee, si uchukue hayo ya kushoto uyavae kulia? Sikio linajua nini?

Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. Nyimbo zake alizozipenda, zile za dansi za zamani zenye magitaa mengi, zimegawanywa. Gitaa la solo linakaa kulia. Kushoto kuna jingine, la kujibu. Ukivaa la kushoto unapata wa kujibu bila aliyeuliza.

"Kwa hiyo wewe unasikia nusu," nilimwambia.

"Nasikia solo."

"Nusu ya wimbo, Dereva. Miaka yote hii unasikiliza nusu?"

Tulikuwa tumeegesha, ng'ombe wanavuka barabara, vumbi limetanda. "Ile nusu nyingine ipo," akasema. "Haiendi kokote. Nikistaafu nitaisikiliza yote, masikio mawili, nimekaa kwangu." Akaligonga lile kopo kwa kisigino.

Mke wake namwita Mama Sabina, kama kila mtu pale Kansay. Mwanamke wa kanisani, wa kwaya, mwenye maneno machache yanayofika. Dansi kwake ulikuwa muziki wa kilabuni tu, na hakuficha. Dereva akija likizo alikaa naye jikoni akimenya viazi, waya sikioni, na yeye Mama Sabina alijifunza kukaa kushoto. Nilipofika kwao mara ya kwanza nilimsikia akisema, bila hasira, kama anayetaja bei ya mahindi: "Shemeji, mimi nimeolewa na sikio la kushoto. La kulia sijui limeoa nani."

Tulicheka wote watatu. Ninavyofikiria sasa, mmoja wetu hakuwa anatania.

Naingia kwenye jambo lenyewe, ambalo nikilifikiria nachoka upya.

Wasiojua kazi yetu hawajui salamu ya dirishani. Magari mawili yakikutana kwenye njia nyembamba za Kreta, madirisha ya madereva yanatazamana, kwa sababu wote wanakaa kulia. Wanasimama, wanapeana habari. Masharubu wako wapi, yaani simba. Madoadoa yuko mti gani, yaani chui. Faru ametokea au bado. Wanasema kwa mafumbo na kwa sauti ya chini ili wageni wasipate tamaa mapema. Dereva asiyepewa habari hizo ni kipofu, atazunguka mchana kutwa na kurudi na picha za pundamilia. Na Dereva wetu alikuwa na heshima yake ya pekee: akiona gari linakuja, alichomoa kile kidude sikioni kwa kidole gumba kabla hajasimama. Wenzake walijua maana yake. Ilikuwa kama mtu kuvua kofia.

Siku moja wageni walitaka kula chakula cha moto chini Kreta, kwa hiyo nikashuka nao, nimekaa kiti cha mbele. Tukakutana na kijana mmoja dereva, mcheshi, anamwita Dereva baba. Dereva akachomoa kidude, akasimama. Kijana akamwambia wazi, mimi nikasikia toka kiti cha pili, faru yuko upande wa ziwani, mama na mtoto, kaza mwendo. Dereva akatabasamu, akasema asante sana, akawasha gari, akaelekea msituni.

Nilidhani ana hila yake. Tukazunguka msituni, nyani, nyani, nyani. Nikamwambia, "Si amesema ziwani?" Akageuka akanitazama, na nikaona hofu usoni mwake, hofu ya mtu mzima, ambayo si nzuri kuiona. Akasema, "Amesema hivyo?" Tulipofika ziwani faru alikuwa ameshazama nyasini.

Baada ya hapo nilianza kuona. Ukimpelekea chai kutoka kulia, chai inapoa. Ukimwita kutoka kulia, anaitazama milima. Upepo wa dirishani miaka na miaka, injini, na ile sauti aliyokuwa anaipandisha ili ishinde upepo na injini, vilikuwa vimemla lile sikio kidogo kidogo. Sikio lake mwenyewe. La kazi lilikuwa zima kabisa.

Alinyamaza nalo msimu mzima. Aliendelea kuvaa waya uleule, kuchomoa kidude kwa heshima ileile, kutabasamu, kushukuru, na kwenda upande ambao hakutajiwa. Madereva wakachoka. Wakasema mzee ameingiwa na kiburi, unampa habari anakutabasamia kisha anafanya yake ili aonekane anajua zaidi. Wakaanza kumnyima. Wakikutana naye wanainua mkono tu na kupita. Niliwaona wakipita, naye ameshachomoa kidude, amekishika mkononi, anasubiri. Roho iliniuma kuliko ninavyoweza kusema, na nilimkasirikia pia, kwa ubishi wake.

"Waambie," nilimwambia.

"Nikiwaambia, kesho ofisi inajua."

"Usipowaambia, kesho ofisi inajua huna wanyama."

Aliwaambia getini, asubuhi moja ya ukungu, madereva wamejikusanya wakisubiri vibali, wameshika vikombe. Alichomoa kidude mbele yao, ingawa hakukuwa na gari linalokuja. "Jamani, siyo kiburi," akasema. "Hili sikio limekufa. Nasikia hili tu." Akajigusa la kushoto. Wakatazamana. Yule kijana mcheshi akaweka kikombe chini, akazunguka mpaka upande wa kushoto wa Dereva, akasema, "Shikamoo baba," kama vile hawajawahi kusalimiana.

Ingeishia hapo ingekuwa vizuri. Lakini vijana wakiamua kukupenda nao wana fujo zao. Wakaanza, wakikutana naye Kreta, kupita upande usio wao, tairi mbili nje ya njia kwenye nyasi, ili wazungumze kupitia dirisha la kiti changu cha mbele, upande wa sikio zima. Kutoka nje ya njia Kreta ni kosa, kila mtu anajua, na askari wa hifadhi hawana mchezo. Akakamatwa wa kwanza, akakamatwa wa pili, na kila mmoja akiulizwa kwa nini ametoka njiani anasema alikuwa anamsalimia mzee. Dereva aliposikia aliegesha gari ofisini, akaweka ufunguo mezani, akasema imetosha. Hakutaka watoto wa watu waadhibiwe kwa ajili ya sikio lake. Aliondoka na kopo lake kwapani.

Daktari alimpima akamwambia alichokuwa anakijua, na kimoja asichokijua. La kulia ndiyo basi. La kushoto nalo limeanza kuchoka, na alilinde kama mboni. Asichomeke kitu humo tena, wala kidogo wala taratibu. Akichomeka ataishi kama ukuta.

Alinieleza haya kwenye kibanda changu, akila chapati, mimi nimekaa upande wake mzima. Nilimwuliza lile kopo atalifanyaje.

"Nusu ya nyimbo zangu sijawahi kuzisikia, Mpishi," akasema. "Zimo humo. Hedifoni zenye upande mzima, mpya, wa sikio hilihili. Nikichukua moja tu, wiki moja tu, nazimaliza zote. Baada ya hapo hata likifa, lifie huko."

"Na Mama Sabina?"

Akakunja chapati, akaikunjua. Gari la wageni lilipita, likatuachia vumbi, akalifuata kwa macho mpaka lilipopinda. Mimi sikumbana. Niliona aibu kumwambia mtu achague, maana niliona haki pande zote mbili. Mke wake alikuwa na sikio moja tu la kuzungumza nalo duniani, na yeye alikuwa na nusu ya starehe yake inamsubiri ndani ya kopo. Nilimwona akipanda pikipiki kurudi Kansay nikajua lolote linawezekana.

Ukapita muda mrefu. Chapati, magoti, msimu wa wageni, msimu usio na wageni. Nilisikia kwa watu kwamba Dereva haonekani mnadani wala kanisani, kwamba anakaa uani mchana kutwa na waya sikioni. Watu hawakusema sikio gani. Nilikaa na habari hiyo kama mtu mwenye kokoto ndani ya kiatu, mpaka nikafunga kibanda, nikanunua betri, kwa maana kwake yeye hupeleki sukari, nikapanda pikipiki. Njia ya Kansay ilikuwa mbovu vilevile, na kila shimo lilinikumbusha umri wangu.

Nilipanga njiani maneno ya kumgombeza. Nilikuwa nayo makali.

Nikawakuta uani, pembeni ya ghala la mahindi, wamekaa kwenye benchi moja, wamebanana kama watu wanaosikia baridi wakati jua linawaka. Yeye upande wa kulia, Mama Sabina kushoto kwake. Ile wokmani ya kijivu iko mapajani mwake, ndani ya mfuko wa ugoro, kidole chake kiko juu ya kidirisha. Waya unapanda kifuani, unagawanyika. Mmoja umeingia sikioni mwake, la kulia, lile lililokufa. Na mwingine, wa kushoto, mfupi, umevutwa kwa shida mpaka kwenye sikio la Mama Sabina, chini ya kilemba chake cha kanisani. La kushoto la Dereva lilikuwa wazi. Mama Sabina ameliinamia, anasema humo ndani.

"Sasa lile lako la solo litakuwa linauliza," alikuwa anasema. "Hili la kwangu limenyamaza. Limenyamaza. Haya, linajibu. Linajibu kwa ufupi, kama mtu aliyenuna. Linarudia tena. Hapana, safari hii limeongeza kidogo."

"Limeongeza?" Dereva akauliza.

"Limeongeza mwishoni. Kama kumcheka yule mwenzake."

Dereva akafumba macho. Nilisimama pale na mfuko wangu wa betri, maneno yote makali yamenitoka, nikapiga hodi kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Nilikaribishwa kwa chai ya maziwa na maneno mengi. Mama Sabina alinieleza pembeni, akikoroga sukari, kwamba ndiye aliyefungua kopo. Alimkuta mumewe amekaa nalo asubuhi nzima bila kulifungua, akamwambia lete nisikie mimi nikuambie. Mwanzoni alimwambia wanapiga gitaa, basi. Dereva akamwambia hiyo siyo habari. "Nimejifunza, shemeji," akasema. "Muziki wenyewe siupendi hata leo. Lakini yule wa kushoto ana adabu. Anamsubiri mwenzake."

Tukarudi benchini. Dereva alikuwa ananisubiri kwa jambo la kitaalamu. Alimtoa mkewe kile kidude sikioni taratibu, akanipa mimi.

"Mpishi, wewe unajua. Huyu mama ananieleza vizuri yote, ila hili hajui. Hebu sikia. Inaburuza?"

Nikaweka sikioni. Kilikuwa laini, safi, hakijawahi kutumika zamani zile. Na ndiyo, ilikuwa inaburuza vibaya sana. Waimbaji walikuwa wamelala, gitaa linajikokota kama punda mwenye mzigo. Sijui Mama Sabina alikuwa amesikia hivyo kwa siku ngapi, akimweleza mumewe kila kitu kwa uaminifu, bila kujua kwamba wimbo wenyewe haukuwa hivyo. Aliniangalia. Dereva naye aliniangalia, kidole kidirishani. Nikakumbuka alivyosema, kusikia vibaya ni kumsingizia mtu.

"Inaburuza," nikamwambia kwenye sikio lake la kushoto.

"Nilijua!" akasema, na uso wake ukawaka. "Nimemwambia toka jana. Nimeisikia hapa." Akanionyesha ncha ya kidole.

Nikatoa betri mfukoni. Mama Sabina akazipokea, akafungua mashine mwenyewe kwa ukucha, akatoa za zamani, akaziweka juu ya benchi palipopigwa na jua, akatia mpya. Gurudumu likazunguka, na waimbaji sikioni mwangu wakaamka wote kwa pamoja. Nilitaka kuwasikiliza kidogo. Ulikuwa wimbo ninaoujua, ule aliokuwa anaupiga tukishuka kutoka Loliondo, na ile nusu sikuwahi kuisikia mimi pia.

Mama Sabina akakaa kushoto kwa mumewe, akasogea mpaka bega likagusa bega, akaninyooshea mkono.

"Nipe, shemeji," akasema. "Tulikuwa katikati ya wimbo."